Kurasa za Majibu

Kitabu hicho nilikinunua Ngamiani, kwa mzee anayetandika vitabu vya mitumba juu ya turubai jioni jua likishapoa. Alitaka shilingi 6,000. Nikampa 4,000 na ahadi ya kumletea kashata za Bibi yangu, akakubali, maana kashata za Bibi zinajulikana mtaa mzima. Jalada la mbele lilikuwa limechanika, na ndani mlikuwa na mhuri wa maktaba ya mji mmoja huko Texas. Kiliandikwa kwa ajili ya vijana wa Marekani wanaotaka kuwa maafisa wa jeshi la anga la nchi yao. Kilifikaje Tanga, mzee hakujua, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Nilikihitaji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, na tangu JKT nilikuwa nimejiwekea jambo moja moyoni: siku moja kwenda Monduli, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, na kutoka huko nikiwa afisa. Vijana waliowahi kwenda kwenye usaili wa vyombo vya ulinzi walirudi na habari zinazofanana. Kukimbia unaweza, walisema, na kupimwa afya ni Mungu tu. Lakini kuna karatasi ya kuandika, ina maswali ya kupima uwezo wa kufikiri, na hiyo ndiyo inayopunguza watu.

Habari hiyo ilinikosesha usingizi kwa sababu moja. Kidato cha nne nilimalizia Usagara, hapa hapa Tanga mjini, na katika Hisabati nilipata D. Kidato cha tano nilikimbilia Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikaishukuru siku niliyofunga daftari la Hisabati kwa mara ya mwisho. Sasa ile Hisabati niliyoikimbia ilikuwa imekaa mlangoni mwa usaili ikinisubiri.

Basi nikafungua kitabu cha Texas. Mtihani ule wa Wamarekani umegawanywa katika sehemu nyingi: maana za maneno, uhusiano wa maneno, hesabu za maelezo, kusoma jedwali, kuhesabu matofali yaliyopangwa pamoja, ufahamu, sayansi, hata kusoma vipimo vya ndani ya ndege. Kilichonishtua ni muda. Maana za maneno ni maswali 25 kwa dakika 5. Kusoma jedwali ni maswali 40 kwa dakika 7. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 12 kwa swali katika sehemu ya kwanza, na chini ya sekunde 11 katika ile ya pili. Wewe unayejiandaa na mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una saa 3 kwa maswali 14, yaani karibu dakika 13 kwa swali, na bado najua unalalamika kwamba hazitoshi. Nami nililalamika hivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Maswali mengi yalidhani msomaji ameishi Marekani. Kuna sarafu yao ya senti 25, kuna ya senti 10 na ya senti 5, na kila moja ina jina lake. Swali linakwambia mtu ana sarafu kadhaa za kila jina mfukoni, tafuta jumla, bila kukueleza kila jina ni senti ngapi. Sikuwahi kushika hata mojawapo. Baadaye, kwenye maktaba ya mkoa, nilisoma kwamba tatizo hilo ni la zamani kama mitihani hiyo yenyewe. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Yerkes na wenzake walitunga mitihani miwili ya kuwapima askari wapya: Alfa kwa wanaosoma Kiingereza na Beta, wa picha, kwa wasiokisoma. Watu wapatao 1,700,000 walipimwa. Baadhi ya maswali yaliuliza juu ya bidhaa za dukani na wachezaji wa besiboli. Wahamiaji wengi walipata alama za chini, wakaitwa watu wasio na akili, ingawa matokeo yaleyale yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyokaa miaka mingi Marekani ndivyo alama zake zilivyopanda. Mmoja wa walioyatumia matokeo hayo kuwadharau wahamiaji, Carl Brigham, aliyakana maandishi yake mwenyewe mwaka 1930. Nilipenda sana habari hiyo. Ilinipa kisingizio kizuri kwa wiki mbili hivi.

Baada ya hapo nikafanya kile nilichokuwa nakijua vizuri kuliko vyote: nikakariri. Mtu aliyesoma Historia hadi kidato cha sita anaweza kukariri chochote. Nyuma ya kitabu kulikuwa na kurasa za majibu, karatasi kumi hivi, namba na herufi tu. Nilisoma swali, nikatazama jibu, nikasema moyoni "aa, kumbe," nikaendelea. Kila usiku, Mama akishaosha vyombo na Bibi akishamaliza kukata kashata za kesho, mimi nilikuwa chini ya taa na kitabu changu. Wiki ya tatu nilikuwa napata 23 kwa 25 katika kila sehemu.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa akinisikiliza. Usiku mmoja alichoka kusoma maswali yale marefu ya Kiingereza akaanza kutaja namba tu.

"Swali la 112?"

"C," nikajibu.

"La 87?"

"A."

Akacheka hadi akashika tumbo. "Dada, wewe ni kiboko. Unajibu kabla hujaulizwa!"

Niliichukua kama sifa. Kesho yake nilimwambia Mama kwamba nimeiva.

Mama alihitaji kusikia hivyo, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na jambo zito. Washenga walikuwa wamekuja na barua ya posa. Kijana mwenyewe alikuwa mtu wa Pangani, fundi wa mashine za boti, mpole, anayesalimia wazee kwa kusimama. Sina neno baya la kusema juu yake hata leo. Bibi alimtaka. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mwanamke na bunduki wapi na wapi? Wenzio wanatafuta mtu kama huyu kwa tochi." Lakini masharti ya kuomba jeshi yalikuwa wazi: mwombaji awe hajaoa au hajaolewa. Na kama ningechaguliwa, ndoa ingengoja mafunzo, na mafunzo hayangojwi kwa mwezi mmoja. Mama, ambaye huwa hasemi sana, aliwaomba washenga muda hadi Mfungo Mosi. Kwa hiyo nilikuwa na usaili mmoja. Nikifaulu, posa itajibiwa kwa heshima kwamba bado. Nisipofaulu, sikuwa na la kumwambia Bibi.

Katikati ya hayo, binamu yangu wa Makorora alikuja nyumbani usiku amefunga mlango nyuma yake. Alikuwa amepata "karatasi yenyewe." Mtu mmoja aliyejiita wa ndani alikuwa amemuuzia maswali ya usaili pamoja na majibu kwa shilingi 200,000, binamu alikuwa ameuza simu yake na kukopa iliyobaki. Akazitandaza kitandani. Nilipoanza kusoma, nikahisi nimewahi kupita njia hiyo. Yalikuwa maswali ya kitabu kama changu, yamepigwa chapa upya, maili zimegeuzwa kilomita, na wahusika wamepewa majina ya Juma na Asha. Ila tapeli alichoka katikati ya kazi: kwenye swali la sarafu, Juma alikuwa bado ana senti za Marekani mfukoni.

Jeshi limetangaza mara nyingi kwamba haliuzi nafasi wala kutoza fedha ya kujiunga, na kwamba anayedai fedha ni tapeli. Binamu alikuwa ameyasikia matangazo hayo, nami pia. Siku ile nilimwonyesha kitabu changu, ukurasa kwa ukurasa, na mbele yake nilijizuia, lakini alipoondoka nilicheka. Sikuona kwamba yeye na mimi tulikuwa tumenunua kitu kimoja, yeye kwa 200,000 na mimi kwa 4,000 na kashata.

Siku ya usaili tulikaa kwenye ukumbi, kila mmoja na meza yake na penseli yake. Chombo chenyewe sitakitaja. Msimamizi alisoma maelekezo mara moja, akasema anzeni. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi, nikashusha pumzi. Kisha nikakutana na hili: gari limekwenda mji wa pili kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wake wa wastani kwa safari nzima ni upi? Majibu ya kuchagua yalikuwa 40, 45, 48 na 50.

Swali hilo nilikuwa nalijua! Lilikuwa kwenye kitabu changu, na jibu lake lilikuwa 40. Nikaweka alama kwenye 40 kwa furaha, nikaendelea mbio.

Kitabuni gari lilikwenda kwa maili 60 na kurudi kwa maili 30, na hapo wastani ni 40 kweli. Kwenye usaili namba zilikuwa nyingine. Lakini tazama nilichokifanya: nilisema wastani wa mtu aliyekwenda kwa 60 na kurudi kwa 40 ni 40, kana kwamba ile safari ya kwenda haikuwahi kuwako. Mtoto wa darasa la tano angeshtuka. Mimi sikushtuka, maana sikuwa nafikiri, nilikuwa nakumbuka. Na sikufanya hivyo mara moja tu. Kila swali lililofanana na la kitabu lilinipa jibu la kitabu, na kila swali lisilofanana na la kitabu lilinikuta mikono mitupu. Tulipoambiwa tuweke penseli chini, nilikuwa nimebakiza maswali mengi, na nikayapaka alama kwa kubahatisha.

Majina yalipotoka, langu halikuwemo. La binamu pia.

Nyumbani hakuna aliyenisema. Bibi alinipa chai ya tangawizi akakaa pembeni. Kimya chake kilikuwa kizito zaidi ya maneno. Aliyesema alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, sajini mstaafu, aliyepigana vita vya Kagera akiwa kijana. Alikuja Ijumaa baada ya swala.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete hilo swali lililokuumiza."

Nikamwambia swali la gari. Hakuchukua kalamu. "Tufanye njia ni kilomita 120," akasema. "Kwenda kwa 60, saa ngapi?"

"Mbili."

"Kurudi kwa 40?"

"Tatu."

"Umekwenda kilomita ngapi zote, kwa saa ngapi zote?"

Kilomita 240, saa 5. Arobaini na nane. Nilinyamaza.

"Na kwa nini si 50, kama wengi wanavyodhani?" Sikujibu. "Kwa sababu umekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo. Saa tatu pole pole, saa mbili haraka. Mwendo mdogo unakuvuta." Akaufuata ukingo wa meza kwa kidole, kwenda na kurudi. Nilikuwa nimelisoma swali hilo mara arobaini bila mtu kuniambia hivyo, na kurasa za majibu hazikuniambia, kwa kuwa ziliandika herufi tu.

Halafu Mjomba akaanza hadithi yake ya siku zote, ya vita vya Tanga. Watoto wa Tanga tunaisikia hadi tunaichoka, hasa ya nyuki. Lakini siku ile aliisimulia kwa upande mwingine. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walikuja na meli kutoka India wakiwa na askari wapatao 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Waliokuwa wakiulinda mji hawakuzidi 1,000 hivi. Kwanza manowari ya Waingereza iliingia bandarini tarehe 2 ikatoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamevunjwa, jambo lililowapa Wajerumani muda wa kuleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Kisha Aitken akashusha watu Raskazone bila kutuma wapelelezi kuona mbele kuna nini. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alifanya kinyume chake: usiku kabla ya pambano kubwa alipanda baiskeli akapita katika mji mtupu hadi karibu na bandari, kujionea mwenyewe. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki na risasi nyingi.

"Sisifu hata mmoja," alisema Mjomba. "Wote wawili waligombea mji usio wao, na waliokufa wengi walikuwa Waafrika na Wahindi. Lakini jenerali mwenye watu 8,000 alijibu swali kabla hajalisoma. Huyu mwingine alilizunguka kwa baiskeli kwanza." Akanitazama. "Wewe una uhodari wa Aitken."

Ilikuwa kejeli, na iliniingia.

Aliongeza jambo jingine alipokuwa akivaa viatu. Jeshi letu lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari mwaka ule, na aliyekabidhiwa kuliongoza, Mirisho Sarakikya, alikuwa bado kijana, mmoja wa Watanganyika wachache waliokuwa wamesomea uafisa, Sandhurst, Uingereza. "Wakati ule walitafutwa watu waliosoma hawakupatikana," alisema. "Sasa mnapatikana wengi mno, ndiyo maana wanawachuja kwa karatasi. Hakuna aliyekuonea."

Posa ikajibiwa Mfungo Mosi ule ule. Niliwaomba wazee waseme bado. Bibi alivaa kanga zake mpya kana kwamba ni sherehe, akawaambia washenga kwa heshima zote, kisha akaingia ndani asiseme nami siku mbili. Kijana wa Pangani hakungoja, na sikumtegemea angoje. Alioa Muheza mwaka huohuo. Mama alipeleka sinia la visheti.

Mimi nilirudi kwenye kitabu cha Texas, lakini kwanza nikazichana kurasa za majibu, zote, nikampa Bibi afungie kashata. Alizipokea bila kuuliza. Karatasi ni karatasi.

Bila majibu, kitabu kiligeuka kuwa kigeni. Nilichagua maswali 100 ambayo sikuwa nimeyakariri sana, nikayafanya kwenye kaunta buku, hatua kwa hatua, kisha nikampelekea Mjomba na rafiki yangu mmoja mwalimu wa Hisabati wayasahihishe. Nilipata 41. Tulikaa na mwalimu huyo kupanga yale 59 niliyokosa, si kwa sehemu za kitabu bali kwa sababu ya kukosa. Machache sana yalikuwa magumu kweli. Ishirini na mbili yalikuwa ya uwiano, asilimia na sehemu, yaani kidato cha kwanza na cha pili. Kumi na matatu nilikosa kwa sababu sikujua neno la Kiingereza. Tisa nilisoma vibaya: swali liliuliza "kipi si," nami nikajibu "kipi ni." Mengine yalikuwa ya jedwali na maumbo, ambayo nilikuwa na haraka tu.

Hilo lilinifedhehesha kuliko kufeli kwenyewe. Nilidhani mtihani wa akili unapima kitu cha siri ambacho wengine wamezaliwa nacho. Kumbe robo tatu ya kitu hicho ilikuwa kwenye vitabu nilivyorudisha stoo ya shule nikiwa na miaka kumi na minne. Nikaazima kitabu cha Hisabati cha kidato cha kwanza kutoka kwa jirani, binti wa miaka kumi na mitatu, ambaye alinitazama kwa huruma.

Nilianza na sehemu. Wiki nzima sehemu tu. Kisha uwiano, kisha asilimia, kisha mwendo na kazi: watu 6 wanachimba mtaro kwa siku 8, watu 4 watachimba kwa siku ngapi? Zamani ningetafuta kanuni. Sasa nilijiuliza kwanza: watu wakipungua, siku zitaongezeka au zitapungua? Zitaongezeka, basi jibu lolote chini ya 8 nalifuta kabla ya kukokotoa. Kazi yote ni siku 48 za mtu mmoja. Gawanya kwa 4, ni 12. Mfululizo wa namba nao ulikuwa hivyo hivyo. Ukiona 3, 6, 11, 18, 27, usiitazame 27 hadi macho yaume. Tazama nafasi zilizo katikati: 3, 5, 7, 9. Inayofuata ni 11, basi jibu ni 38. Nilitunga ya kwangu kumi kila siku, na kutunga kulinifundisha kuliko kujibu. Uhusiano wa maneno niliugeuza kuwa wa Kiswahili ili nielewe mchezo wenyewe ulivyo: kisu kwa ala ni kama mshale kwa nini? Podo. Mdogo wangu hakuwa akilijua neno podo, tukabishana hadi Bibi akaingilia.

Bibi, kwa kweli, ndiye aliyenionyesha kwamba mambo haya si ya Texas. Sukari ilikuwa imepanda bei, kutoka 2,500 hadi 3,000 kwa kilo, naye anatumia kilo 2 kwa sinia moja la kashata. Nazi 4 kwa 800, mkaa wa 1,000. Sinia lilimpa vipande 60, na kila kipande ni 200. Nilikaa na kaunta buku langu nikikokotoa: zamani gharama ilikuwa 9,200, mauzo 12,000, faida 2,800, sasa gharama ni 10,200. Kabla sijafika mwisho, Bibi, ambaye hakupita darasa lolote zaidi ya chuoni, alikuwa ameshika kisu. "Sinia lilelile nakata vipande sitini na tano," akasema. "Wateja hawataona." Nikakokotoa: 65 mara 200 ni 13,000, toa 10,200, faida 2,800. Alipata kwa jicho. Tangu siku ile nilimpelekea maswali ya asilimia nikiyageuza kuwa ya nazi, na mara nyingi aliyajibu akiwa ameudhika kwamba namsumbua.

Nilirudi pia kwenye Jiografia, kwenye usomaji wa ramani. Mjomba alisisitiza. Afisa asiyesoma ramani, alisema, ni abiria. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Hilo nililijua tangu kidato cha tatu, lakini sasa alinitaka niseme papo hapo, bila kalamu, sentimita 7 ni kilomita ngapi, na mtu akitembea kilomita 4 kwa saa atachukua muda gani. Kilomita tatu na nusu. Dakika 52 na kidogo. Mwanzoni nilichukua dakika mbili kufika hapo.

Muda niliuacha mwisho kabisa. Nadhani hapo nilifanya vizuri, ingawa wapo watakaonipinga. Ukianza na saa mkononi kabla hujaelewa, unajifunza kukosea haraka. Miezi miwili ya mwisho ndipo mdogo wangu alipoanza kushika kipima muda cha simu. Niliweka kanuni moja: swali likinigomea, naliwekea nukta pembeni na kupita, nikipata muda narudi. Mara ya kwanza niliacha nukta 14. Mara ya mwisho zilikuwa 4.

Kwenye usaili wa pili, mwaka uliofuata, hakukuwa na swali la gari. Kulikuwa na tangi la maji lenye mabomba mawili, moja linajaza na jingine linavujisha. Sikuwahi kuliona. Nilikumbuka kidole cha Mjomba kwenye meza, nikatafuta kwanza kila bomba linafanya kiasi gani kwa saa moja. Lilichukua muda, lakini liliachia. Mkono ulikuwa unatetemeka tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa kwanza nilipofeli haukutetemeka kabisa. Niliacha maswali matano ya maumbo, nikayabahatisha, nikatoka nje nikiwa sijui kitu.

Jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini.

Alfajiri ya safari tulikwenda stendi ya Kange wote, hata Bibi, ambaye alisema haji halafu akaja. Mdogo wangu alikuwa sasa kidato cha nne, na nilikuwa nimempa kitabu cha Texas usiku ule. Alikuwa nacho kwapani. Tukiwa tunangoja basi alikifungua, akaenda moja kwa moja nyuma, akakuta mshono mtupu.

"Dada, majibu yako wapi?"

Bibi alikuwa ananikabidhi kifurushi cha kashata za njiani. Mdogo wangu akakiona kilichofungiwa, akakigeuza chini ya taa ya stendi, akaanza kusoma juu ya madoa ya sukari, "Mia na kumi na moja, D. Mia na kumi na mbili, C..."

Bibi akamnyang'anya. "Hizo ni za mwenzio wa safari," akasema. "Zako ziko nyumbani, ukitoka shule."